Ali unayemwiga, mwanangu

Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga

Mwanangu Hemedi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bibi yako anakuombea dua kila baada ya swala. Shikamoo zako nimezipata kupitia kwa mdogo wako. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni ile video yako ya kupima uzito kabla ya pambano lako la ngumi.

Nimeiona. Mdogo wako aliniletea simu barazani huku anacheka, akidhani nami nitacheka. Umevaa fulana yenye sura ya bondia Muhammad Ali, umemsogelea mpinzani wako mpaka mapua yanakaribia kugusana, ukamwita nyani. Watu nyuma yako wakashangilia. Yule kijana hakujibu, aliangalia chini tu, na mimi macho yangu yalibaki kwake. Chini ya video wameandika eti wewe ndiye Ali wa Tanga. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu wewe ni "ndiyo baba, sawa baba", mazungumzo yameisha. Kwa hiyo nimeandika. Kaa chini uisome yote.

Kwanza ujue kwamba Ali nampenda. Oktoba 30, 1974 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Pambano la Ali na George Foreman lilianza saa kumi alfajiri kule Kinshasa, kwetu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, na habari zilipofika kwenye redio babu yako, Mungu amrehemu, alitoka nje kwa shuka la kulalia akamwita jirani kwa sauti: "Kampiga! Mzee kampiga kijana!" Foreman alikuwa na umri wa miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja. Mabondia Joe Frazier na Ken Norton, wote wawili, Foreman aliwamaliza kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ali alikuwa na 32, na watu wake mwenyewe walimhofia asije akafa. Babu yako hakuwahi kumwona Ali hata kwenye picha inayotembea, lakini alimwita kwa jina kama ndugu.

Basi usidhani naandika kama mzee asiyejua ngumi. Naandika kwa sababu katika yote aliyoacha yule mtu, wewe umeokota kipande kibovu kuliko vyote.

Tusi la namna ile ulilomtukana mwenzako, Ali alimtukana nalo Joe Frazier. Mwaka 1975, kabla ya pambano lao la Manila, alitembea na kidude cha mpira chenye umbo la sokwe, akakipiga makofi mbele ya waandishi wa habari, akasema huyo ndiye Joe. Dunia ilicheka. Lakini Frazier alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa wakulima wa Carolina Kusini, mweusi kama Ali, aliyekulia kwenye dhiki kubwa kuliko ya Ali. Ali alipofungiwa kucheza ngumi, Frazier alimpa fedha na akasimama upande wake ili arudishiwe leseni. Malipo yake yakawa kuitwa sokwe, na kuitwa kibaraka wa wazungu, na watoto wake kuzomewa shuleni. Frazier alibaki na donge hilo moyoni hadi uzeeni. Mwaka 2001 Ali alimwomba radhi kupitia gazeti la New York Times, kwamba alisema mengi kwa joto la mchezo ambayo hakupaswa kuyasema. Unajua Frazier alisema nini? Kwamba Ali ameliomba radhi gazeti, hajamwomba yeye. Miaka ishirini na sita tangu Manila, na mtu mzima bado anasubiri kuambiwa yeye, uso kwa uso. Frazier alipofariki Novemba 2011, Ali alikwenda Philadelphia kumzika, mwili wake wenyewe ukiwa tayari unatetemeka kwa maradhi.

Kwa hiyo ukimwiga Ali kwenye lile, unaiga jambo ambalo mwenyewe alilijutia.

Sasa nikuambie ni Ali gani ninayetaka umvae kifuani.

Aprili 28, 1967, mjini Houston, vijana walisimama mstari wa kuingia jeshini kwenda vita ya Vietnam. Aliitwa kwa jina lake la zamani, Cassius Clay, atoke hatua moja mbele. Hakutoka. Hesabu hapo, Hemedi, maana nyinyi vijana mnalisikia jambo hili kama hadithi. Alikuwa na miaka 25. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mapambano 29 yote kashinda. Wala hakuna aliyetarajia kwamba bingwa atapelekwa msituni na bunduki. Joe Louis katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akicheza ngumi za maonyesho kuwaburudisha askari, na yamkini Ali naye angepangiwa kazi nyepesi ya namna hiyo. Angetoka hatua moja tu. Akakataa, kwa sababu ya dini yake, na kwa sababu alisema hana ugomvi na watu wa kule. Wakamvua ubingwa, wakamnyima leseni, wakamzuilia pasipoti, mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikuwa nje kwa dhamana akisubiri rufaa, akazunguka vyuo vikuu akihutubia ili apate ridhiki. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kumfutia hatia Juni 1971, majaji wanane kwa sifuri.

Jumla ilikuwa miaka mitatu na nusu bila ulingo. Wewe bondia unaelewa maana yake kuliko mimi: ile ni miaka ambayo miguu ya mtu iko katika ubora wake wote. Tazama mapambano yake ya kabla ya 1967. Mikono iko chini, kichwa kinarudi nyuma ngumi ikiwa imeshaanza safari, ngumi inapita hewani. Aliporudi mwaka 1970 kupambana na Jerry Quarry pale Atlanta, miguu ile haikuwepo tena. Ndipo ikagundulika, na yeye akagundua, kwamba anaweza kupigwa na asianguke. Watu husifu hilo. Mimi naliona ndilo lililomla. Ngumi zote alizokuwa akizikwepa akiwa kijana, sasa alianza kuzipokea: ngumi ya kushoto ya Frazier iliyomwangusha raundi ya 15 mwaka 1971, taya lililovunjwa na Norton mwaka 1973, na zile za Foreman alizozipokea raundi baada ya raundi akiwa ameegemea kamba, viwiko vimebana mbavu, mpaka Foreman mwenyewe akaishiwa pumzi. Ile mbinu ya kamba unayojaribu mazoezini, mwanangu, iliwekwa na mtu ambaye hakuwa na mbinu nyingine iliyobaki. Wewe una miguu. Itumie.

Lakini rudi kwenye raundi ile ya nane pale Kinshasa, uitazame polepole kwenye simu yako. Ali amempiga Foreman ngumi mfululizo, ya mwisho ya kulia usoni. Foreman anaanza kuanguka, anazunguka, mikono inatafuta hewa. Ali anazunguka naye, mkono wa kulia umeshakunjwa tayari, shavu la Foreman liko wazi mbele yake. Asingekosa. Ila hakuurusha. Alimwacha aende chini peke yake. Foreman alikuja kusema mara nyingi kwamba hilo ndilo lililomfanya amheshimu, na wawili hao wakawa marafiki wa kudumu. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu wako, ningekurudishia sekunde zile mpaka uzikariri.

Kuna lingine, na hili limetokea kwetu. Februari 1980 Ali alikuja Dar es Salaam. Hakuja kucheza. Rais Carter wa Marekani alimtuma azunguke Afrika kuzishawishi nchi zisiende Olimpiki ya Moscow, kwa kuwa Warusi walikuwa wameivamia Afghanistan. Watu walimpokea kwa vifijo. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye, maana ilionekana dharau kumtuma mwanamichezo pale panapostahili mwanadiplomasia. Kisha waandishi wetu wakamkalisha chini. Wakamuuliza: mwaka 1976 nchi za Afrika ziligoma kwenda Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Marekani ilituunga mkono? Haikutuunga. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, alibaki nyumbani, mbio alizozisubiri maisha yake yote zikafanyika bila yeye. Na wanaopigania uhuru kusini mwa Afrika, silaha wanapewa na nani kama si Warusi?

Ali hakuwa ameelezwa. Mtu mwingine mwenye jina kama lile angepandisha sauti, angefanya mzaha, na mizaha alikuwa nayo ya kutosha. Yeye alisikiliza, akakiri mbele yao kwamba mambo yale hakuyajua, na kwamba huenda anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa. Akaendelea na safari yake akiwa ameshaguswa, na Tanzania ikapeleka wanariadha wake Moscow. Bayi akarudi na medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000. Mpaka leo ninapoandika, hizo ndizo medali za Olimpiki tulizonazo.

Hili huwa halitajwi sana na wanaomsifu Ali, ati lilikuwa aibu kwake. Mimi siioni aibu. Mtu aliyeiambia serikali yake hapana akiwa na miaka 25, akaja akaambiwa na Waafrika "hapa umekosea", na masikio yake yakawa bado yanasikia.

Inaniuma kwamba mwaka ule ule masikio hayo hayo hayakuwasikia waliomwambia aache ngumi. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alikuwa ameshaondoka kwenye kambi tangu 1977, baada ya pambano la Earnie Shavers, alipoona vipimo vya figo na hakuna aliyetaka kumsikiliza. Oktoba 1980, Ali akiwa na miaka 38, akapanda ulingoni Las Vegas kwa Larry Holmes, kijana aliyewahi kumsaidia mazoezini. Sitaki uitazame hiyo kwa kujifurahisha, itazame kwa kujifunza. Ali hana ngumi, hana miguu, amesimama tu. Holmes anampiga huku anamwangalia mwamuzi, kama anayeuliza mbona humzuii. Mwalimu wa Ali, Angelo Dundee, alisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Holmes alilia chumbani baadaye. Na bado Ali akacheza tena mwaka uliofuata, Bahamas, akapoteza. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza kwamba ana dalili za Parkinson. Mdomo ule uliokuwa ukiimba mashairi ukawa unanong'ona, na akaishi hivyo zaidi ya miaka thelathini, mpaka Juni 2016.

Tanga hatuna uhaba wa mabondia. Hassan Mwakinyo alitoka hapa hapa, na Septemba 2018 akaenda Birmingham, Waingereza hawamjui, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili. Najua nawe unaota hivyo. Ota, sikuzuii. Mama yako angependa nikuzuie, na tumeshagombana sana kwa hilo.

Ila kabla ya Jumamosi nataka mambo mawili. La kwanza, nenda kwa yule kijana. Usimtumie ujumbe, usiweke video nyingine, usimpe promota akufikishie. Mtafute mazoezini kwake, umwambie mwenyewe. Na kama mama yake yupo, msalimie kwanza, maana tusi lile limeingia ndani mwao.

La pili, muulize mwalimu wako swali hili mbele ya wenzako wote wa kona: akiona umepigwa vya kutosha na wewe unasema bado, atamsikiliza nani? Akijibu kwamba atakusikiliza wewe, nipigie usiku huo huo, nitakuja kuzungumza naye. Na kipimo cha kichwa nenda ukafanye hospitali. Hela nimempa mdogo wako akutumie kwenye simu, ni ya kazi hiyo tu.

Jumamosi tutapanda basi la asubuhi pale Kange, mimi na mjomba wako. Fulana ya Ali njoo nayo.

Wasalaam,
Baba yako