Mitego ya Oktoba 20

Nairobi,
Oktoba 2

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Kama bango la "Siku Kama ya Leo", la matukio ya Oktoba 20, linatakiwa liwe ukutani kabla hamjafunga kwa Mashujaa, anza sasa, na uanze na tukio la nyumbani, maana hilo ndilo hukosewa zaidi.

Usiandike "Oktoba 20, 1952: Kenyatta akamatwa." Wengi huandika hivyo, na si ajabu, sikukuu yenyewe iliitwa Siku ya Kenyatta miaka mingi, hadi Katiba ya 2010 ilipoipa jina la Mashujaa. Kilichofanyika tarehe 20, siku ya Jumatatu, ni Gavana Evelyn Baring kutia sahihi tangazo la hali ya hatari. Msako wenyewe, walioupa jina la Jock Scott, ulifanywa usiku wa kuamkia tarehe 21, na humo ndimo alimokamatwa Kenyatta pamoja na wenzake waliokuja kushtakiwa Kapenguria. Maneno hayo, "usiku wa kuamkia", yaandike vivyo hivyo. Ukijitia kutaja saa, mtu atakuuliza kama ni kabla au baada ya saa sita, na utakwama. Na hapo usichanganye tangazo na muda wake: hali ya hatari haikuondolewa hadi Januari 1960.

La pili liwe Kipchoge Keino. Fainali ya mita 1500, Mexico City, Jumapili, Oktoba 20, 1968. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Jim Ryun wa Marekani akiwa nyuma yake karibu mita 20. Eleza kwa nini, usitaje medali tu. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na Ryun alikuwa hatari katika mzunguko wa mwisho. Basi Ben Jipcho, Mkenya mwenzake Keino, akatoka mbio, mita 400 za kwanza kwa sekunde 56 hivi, Keino akaichukua kasi hiyo na kuiendeleza. Ryun alipoanza kuvuta, pengo lilikuwa limeshakuwa kubwa mno. Siku hiyohiyo, uwanja huohuo, Dick Fosbury, kwenye kuruka juu, aliruka mita 2.24 kwa kupita juu ya ufito kinyumenyume.

Mtego hapa ni saa. Mexico City ilikuwa nyuma yetu kwa saa tisa, kwa hiyo jambo la huko likipita saa tisa alasiri, Nairobi tayari ni tarehe 21. Shika tarehe ya mahali tukio lilipotokea, hata kama gazeti la hapa litakuonyesha nyingine. Tena pima kwa siku ya juma: ukiona mtu ameandika Oktoba 20, 1968 ilikuwa Jumatatu, hiyo ni saa ya kwingine au ni makosa.

Vita vya majini vya Navarino, 1827, vina mtego wa kalenda. Meli za Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliwashinda Waturuki na Wamisri kwenye pwani ya Ugiriki. Maandishi ya Kirusi yatakuambia Oktoba 8, na hayajakosea: Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya Juliasi, ile ya zamani iliyo nyuma ya yetu. Ongeza siku 12, si 13. Kumi na tatu ni za kuanzia Machi 1900, na ndizo zinazofanya Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 yaangukie Novemba 7.

Mwaka 1973 una mawili. Malkia Elizabeth wa Pili alifungua rasmi jumba la opera la Sydney, miaka kumi baada ya muda uliokusudiwa na kwa dola milioni 102, wakati makadirio ya mwanzo yalikuwa milioni 7. Andika "lilifunguliwa rasmi". Opera ilishachezwa humo Septemba. Msanifu wa jumba hilo, Jørn Utzon wa Denmark, alijiuzulu 1966 na hakuwepo. Jumamosi hiyohiyo usiku, Washington, Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson na naibu wake waliachia ngazi kuliko kumfuta kazi Archibald Cox, aliyekuwa akimchunguza Rais Nixon. Sydney ilikuwa tayari Jumapili.

Kuuawa kwa Gaddafi, Sirte, Libya, 2011: mstari mmoja unatosha.

Kila tukio lipe mwaka, mahali, na kitenzi kamili: alitia sahihi, alikimbia, lilifunguliwa. Andika kwanza kwa penseli kwenye manila, herufi zisomeke mtu akiwa hatua tatu. Nafasi ikikubana, mwondoe Fosbury. Keino abaki.

Ni mimi,
Baba yako