Barabara ya Babati hadi Dodoma kupitia Kondoa

Kwako swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Kondoa. Kwa kuwa unakusudia kuja Dodoma na gari lako kutoka Arusha, nakushauri upite Babati na Kondoa, wala usiwasikilize wanaokuambia uzunguke Singida au Chalinze, kwani hao wanaikumbuka barabara ya zamani.

Enzi za Mwingereza hii ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya kwenda kaskazini, sehemu ya njia iliyotarajiwa kuunganisha Cape na Cairo, na aliyetoka Arusha kwenda Iringa alipita hapa. Baada ya uhuru, lami ya kwenda Zambia ilipopitishwa Morogoro, safari zilihamia huko, na kipande chetu kikaachiwa changarawe, vumbi na tope. Lami ya kutoka Bonga, upande wa Babati, hadi Mayamaya, upande wa Dodoma, kilomita 188, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018, na sasa kilomita zote 251 kati ya Babati na Dodoma ni laini. Kwa maoni yangu, bila serikali kuhamia Dodoma tungeingoja zaidi.

Tope hilo lina historia yake. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Jenerali Van Deventer kutoka Afrika Kusini liliiteka Kondoa kwa Wajerumani, kisha masika yakaifunga njia nyuma yake: chakula kikakwama, farasi wakafa kwa wingi, na askari wakadhoofika kwa njaa na homa. Mwezi Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia usiku, lakini akashindwa kuurudisha mji. Anayeyajua masika ya huku hashangai kwamba mvua iliwaumiza kuliko risasi.

Ukitoka Babati utapita Bonga, kisha utapanda milima ya Bereko, ambako kona ni kali na malori hupanda polepole, basi usiwe na haraka ya kuyapita. Ukishateremka, simama Kolo. Ofisi ya mambo ya kale iko kando ya barabara, na mwongoza wageni atakupeleka kwenye miamba yenye michoro myekundu ya watu warefu, wembamba, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006; wenyeji bado hufanya matambiko huko. Tazama pia makorongo mekundu: mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika.

Baada ya Kondoa, nchi ni tambarare ya Chemba hadi Dodoma. Jaza mafuta Babati, na unijulishe siku utakayoondoka ili nikupokee hapa Kondoa.

Wasalaam,
Rafiki yako