Barua ya wazi kwa manahodha wanaosaka nyota wa magongo

Wanangu manahodha na makocha vijana wa mpira wa magongo hapa Nairobi,

Salamu kwenu. Kila msimu wa usajili unapofika swali ni lile lile: mfuko unatosha mchezaji mmoja tu wa maana, tumchukue mfungaji au beki? Jibu langu ni beki wa kati, tena yule anayejua kufliki kona fupi. Kona fupi ni ile adhabu (penalty corner) wanayopewa washambuliaji beki akikosea ndani ya duara, yaani eneo la kufungia mbele ya goli; na kufliki ni kuukokota na kuurusha mpira kwa gongo bila kuugonga.

Anzeni kwa kuhesabu dakika. Mechi ni robo nne za dakika 15, na wachezaji hubadilishwa wakati wowote bila kikomo. Mshambuliaji anayewakimbiza mabeki ipasavyo huchoka upesi, kwa hiyo huingia na kutoka mechi nzima. Beki wa kati aliye fiti hukaa uwanjani karibu dakika zote 60. Na kona fupi ikishatolewa huruhusiwi kubadilisha mchezaji wa uwanjani mpaka imalizike. Filimbi ikilia mpigaji wenu akiwa benchi anakunywa maji, basi kona hiyo mtaipiga bila yeye.

Kwa nini fliki? Kwa sababu kwenye kona fupi, shuti la kwanza likiwa la kugonga kwa nguvu, mpira hauruhusiwi kuvuka mstari wa goli ukiwa juu ya milimita 460, yaani kimo cha ubao ulio chini nyuma ya goli. Anayefliki hana kizuizi hicho. Goli lote la mita 3.66 kwa 2.14 ni lake. Watazameni mabingwa wa kazi hiyo. Sohail Abbas wa Pakistan alifunga mabao 348 ya kimataifa, naye alikuwa beki. Harmanpreet Singh, nahodha wa India, aliongoza kwa mabao 10 kwenye Olimpiki ya Paris 2024, naye ni beki. Hata Kenya yetu iliyoshika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, nahodha wake alikuwa beki, Avtar Singh Sohal.

Mnapomjaribu beki, msivutiwe na anavyobutua. Mleteeni mshambuliaji mwenye kasi, wakutane ana kwa ana nje kidogo ya duara. Beki mzuri hurudi nyuma hatua kwa hatua huku akimsukumia upande wake mwenyewe wa kulia. Huko gongo lake liko tayari, na mshambuliaji ndiye anayelazimika kuligeuza la kwake. Anayejitupa chini mapema hupitwa, au hugonga gongo la mpinzani. Kosa hilo ndani ya duara huzaa kona fupi hata kama hakukusudia, na akimkosea kwa makusudi mwenye mpira ni penalti ya mita 6.40. Angalieni pia mikono yake anapopokea. Aliyezoea nyasi za shule, ambako mpira hufika umechoka, hushika gongo kwa kukaza. Akifika kwenye nyasi bandia, mpira unamdunda na kumwangukia adui.

Mfungaji naye ana wakati wake. Kwa mechi tano, mpeni mtu wa benchi kalamu na daftari aandike mara mlizoingia duara, mashuti, kona na mabao. Mkiingia mara 15 au 20 na kutoka na bao moja, hapo tafuteni mmaliziaji bila kusita. Mkiingia mara tano, mshambuliaji yeyote mtakayemleta atakufa njaa kule mbele, maana bao halihesabiwi mpira usipoguswa ndani ya duara na mchezaji wa timu inayoshambulia. Najua wengine humwacha nyota wao asimame mbele kwa kuwa hakuna kuotea. Gharama yake ni kukaba na watu tisa dhidi ya kumi, na pengo hilo hujitokeza katikati, si mbele.

Kipa wenu akiwa dhaifu, anzeni naye kabla ya haya yote. Nunueni pia kinga za uso kwa wale wanne wanaolinda naye kona fupi; kumtuma kijana kuikimbilia fliki uso ukiwa wazi ni hatari ambayo hakuna pointi inayoifidia.

Mkishampata huyo beki, msidhani kona zitajifunga. Mpira hutolewa kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka mlingoti wa goli, nao lazima utoke nje ya duara kabla ya shuti. Kwa hiyo kuna mtoaji, mtulizaji na mpigaji. Mpira usipotulizwa ukakaa kimya, mkimbiaji wa kwanza wa wapinzani ameshafika na fliki inaishia miguuni mwake. Tengeni dakika 20 kila mazoezi kwa watatu hao, wale wale, na mzoesheni mtulizaji wa akiba kabla ligi haijaanza.

Mzee wenu wa magongo,
Nairobi