Kwa nini tunamlilia Mambo Mbotela: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la baba yako ambalo nawe unalijua.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza mbona tangu Ijumaa ile, tarehe 7 Februari 2025, alipofariki mtangazaji wa redio Mambo Mbotela, kikundi cha WhatsApp cha ukoo kimegeuka matanga, wajomba zako wanatumiana sauti za zamani na kumlilia mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpa mkono. Unasema wewe Leonard Mambo Mbotela unamjua kama "yule mzee wa mapinduzi" basi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Hayo ya mapinduzi ni kweli. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, waasi wa jeshi la wanahewa walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka stesheni ya Sauti ya Kenya, akasoma tangazo kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Mtu amesimamiwa na bunduki, angefanyaje? Siku hiyo hiyo majeshi yaliyobaki tiifu yakaikomboa stesheni, na mambo yakaishia hapo. Lakini hebu jiulize kwa nini walihangaika kumwamsha yeye. Wale askari si walikuwa na midomo yao? Mimi nadhani walijua kwamba tangazo lile likisomwa na sauti ngeni, watu watageuka upande wa pili walale. Likisomwa na Mambo, nchi itaketi kitandani.

Na imani hiyo haikuokotwa. Aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Siku hizo hakukuwa na kuchagua stesheni kama mnavyochagua ninyi. Redio ilikuwa ya serikali, ile ile ambayo mwaka 1989 ilipewa tena jina la KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya, na stesheni za watu binafsi hatukuzijua hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo mtangazaji alikuwa kama mtu wa nyumbani. Ukimsikia ana mafua, mama anasema pole huku anachochea moto.

Kwetu redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na babu yako peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuishika. Betri zikichoka tunazianika juani tangu asubuhi, zinapata nguvu za kutufikisha mapumziko ya mechi. Kipindi cha pili ni bahati yako. Ndiyo maana siku Gor Mahia wanacheza na AFC Leopards, watu walihamia kwa jirani mwenye betri mpya, wengine wamekaa, wengine wameng'ang'ania dirishani, na hakuna anayeuona mpira lakini wote wanautazama. Mambo alikuwa anakupangia uwanja kichwani: mpira uko upande gani, nani ameupokea, nani anamfuata, kona inapigwa kutoka wapi. Anaanza chini, anazungumza tu. Mpira ukikaribia goli sauti inapanda, inapanda, na wanaume wazima wananyanyuka vitini bila kujua wamenyanyuka. Siku hizi naona mpira kwenye televisheni kubwa, rangi zote, na bado nasinzia.

(Najua utasema nazeeka. Sema.)

Ila kinacholiliwa kule kwenye kikundi si mpira hasa. Ni "Je, Huu ni Ungwana?" Kipindi hicho kilianza 1966, kikaenda zaidi ya miaka hamsini. Mambo anakusimulia tabia fulani, ya mtaani, ya ofisini, ya ugenini, halafu anauliza lile swali. Kila aliyekuwa karibu na redio alihisi anasemwa yeye. Bibi yako alilidaka swali hilo akaacha fimbo. Ukinawa mkono mmoja, unaulizwa. Ukipita mbele ya wakubwa bila kuamkua, unaulizwa, tena kwa sauti ya kuigiza ya redio, na hiyo iliuma kuliko kiboko.

Kulikuwa na jirani mmoja aliyekuwa na mazoea ya "kupitia tu kidogo" kila chakula kinapopakuliwa. Siku moja mjomba wako, wakati huo ni kijana mdogo wa kaptula, akamtazama mgeni usoni na kuuliza, kwa lafudhi yote ya Mambo: "Je, huu ni ungwana?" Bibi alimfinya paja hadi akaruka. Mgeni alicheka, akavuta kiti, akala vizuri tu. Huyo mjomba ndiye aliyetuma sauti ya kilio saa nane za usiku, usimcheke.

Kuna jambo ambalo sijasikia mtu akilisema katika kumbukumbu hizi zote. Ukoo wa Mbotela ni wa Freretown, Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa mikononi mwa wauza watumwa. Kengele iliyolia kuwaonya ipo hadi leo pale Kengeleni, nawe umepita hapo mara nyingi ukielekea ufuoni. Katika pwani ya enzi hizo, mtumwa hakuhesabiwa kati ya waungwana hata awe na adabu ya namna gani. Sasa mtoto wa Freretown, aliyezaliwa 1940, ndiye aliyekaa mbele ya maikrofoni miaka yote hiyo akiiuliza nchi nzima, mawaziri na matajiri wakiwemo, kama matendo yao ni ya kiungwana. Nililiwaza hilo nikiwa jikoni nachambua mboga, nikacheka peke yangu.

Jumamosi yake nilikuwa kwenye matatu kuelekea mjini. Redio ikarudia habari za kifo, mzee mmoja akavua kofia akaiweka magotini. Kijana wa makanga akauliza huyo alikuwa nani, na kabla hajajibiwa tukamwona abiria wa nyuma ameketisha begi lake kwenye kiti huku mama mjamzito amesimama. Sijui nani alianza. Nusu ya gari ikauliza kwa pamoja, na begi likapakatwa. Makanga akasema, "Aaah, kumbe ni huyo!" Alikuwa akilitumia swali hilo tangu utotoni bila kujua lina mwenyewe.

Sasa naomba msaada wako. Chini ya kitanda chetu kuna sanduku la bati lenye kanda alizorekodi babu yako kutoka redioni, mpira kwa wingi, na nadhani vipindi vya Ungwana viwili vitatu. Kinasa sauti chetu kilishakufa. Wewe unafanya kazi redioni, hukosi mtu mwenye mashine ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Ukija Pasaka, ije nawe. Ile iliyoandikwa "Harambee Stars" kwa wino mwekundu usianze nayo, utepe wake umejikunja na unaweza kukatika. Na usitume chochote kwenye kikundi kabla baba yako hajasikiliza. Amekwisha niambia atakaa mbele.

Mama yako.