Barua ya wazi: Kitafutwe kichupa changu

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya katika kaunti yetu ya Lamu,

Assalam alaykum. Nimeleta barua mbili ofisini kwako, sikujibiwa. Ya tatu naiandika mbele ya watu, kuhusu kichupa chenye tezi yangu kilichopotea kabla sijapata jibu.

Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiishi na virusi vya Ukimwi. Dawa sikosi, na kila nikipimwa virusi havionekani. Hata hivyo mwaka jana niliota mitoki, yaani tezi zilizovimba, shingoni, kwapani na kinenani, homa ikija na kuondoka, usiku jasho likilowesha shuka. Nikaambiwa ni TB ya tezi. Hakuna aliyenivuta maji ya tezi kwa sindano yakapimwe, na mashine ya GeneXpert inayopima TB kwenye makohozi huyapima na hayo. Nikameza vidonge miezi 6. Hata mtoki mmoja haukunywea.

Mungu ambariki tabibu kijana aliyenibonyeza tumbo akagundua wengu umevimba. Alinieleza kwamba kwetu TB hufikiriwa kwanza, na si makosa, lakini dawa zake zikishindwa kuna saratani ya tezi hizi za mitoki, kuna Kaposi, saratani inayoonekana sana kwenye ngozi, na kuna ugonjwa wa Castleman, unaovimbisha tezi, ambao kwetu wenye virusi huletwa na kirusi kile kile cha Kaposi, kiitwacho HHV-8. Huo humpata hata mwenye kinga nzuri. Kuujua vizuri ni bora tezi nzima itolewe, mwanapatholojia aikate vipande vyembamba aitazame kwa darubini.

Ikatolewa. Nikakabidhiwa kichupa mkononi, tezi yangu kubwa kama tende imezama kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, niipeleke Mombasa mwenyewe! Nilikifunga kwa leso, nikavuka nacho hadi Mokowe, upande wa bara, nikakipakata ndani ya basi, Witu, Garsen, Malindi, kidonda cha shingo kikipwita kila tukirushwa. Nilikikabidhi, nikatia sahihi kitabuni. Wiki 9 zimepita. Jumatatu iliyopita nimeambiwa kichupa hakionekani, nirudi nikatwe tena.

Mheshimiwa, ulisimama gatini ukatuahidi kwamba mgonjwa wa visiwani hatajibebea vipimo vyake. Tulikupigia makofi, mimi nikiwamo. Hospitali zetu ziko chini ya kaunti tangu 2013, na kifungu cha 43 cha Katiba kinanipa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na huduma za matibabu. Nadhani hakuna aliyepewa kazi ya kusafirisha sampuli, ndiyo maana mzigo unamwangukia mgonjwa. Nadhani pia tukishajulikana tuna virusi, watu huacha kuuliza tunaumwa nini.

Nakuomba kichupa changu kitafutwe. Kama kimepotea kweli, basi nikikatwa tena kibebwe na mtu wa hospitali, na jibu lirudi hapa Amu kabla sijaanzishwa dawa nyingine za kubahatisha. Jana usiku homa imerudi, binti yangu amekesha akinikanda kwa kitambaa cha maji. Kichupa kina kibandiko cheupe, na namba yake ninayo. Kitafutwe, Mheshimiwa.

Mama wa watoto watatu,
Mkomani, Amu