Barua kwa Mwanangu Zawadi

Mwanangu Zawadi,

Hujambo mama? Huku Nairobi sote wazima. Babako ameniambia umekubaliwa kusomea uzamili wa diplomasia. Karo tuachie sisi. Mimi nataka kukuonya kuhusu ulimi.

Bomu likilipuka jioni, kufikia taarifa ya saa tatu utamwona mhadhiri studioni, ameandikwa "mchambuzi wa masuala ya usalama", anaeleza nani kafanya na kwa nini, na polisi hata hawajamaliza kuhesabu majeruhi. Wamenialika pia. Chai yao nzuri, lakini siku hizi nakataa.

Soma badala yake mazungumzo ya amani ya Sudan, kati ya serikali ya Khartoum na waasi wa SPLM wa kusini. Aliyeyasimamia kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za upande huu wa Afrika, ni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mwanajeshi wetu. Itifaki ya Machakos ilitiwa saini Julai 2002. Mkataba kamili ukaja kutiwa saini hapa Nairobi, Uwanja wa Nyayo, tarehe 9 Januari 2005. Picha za siku ile kila mtu anazo. Wewe tafuta walivyovutana Naivasha mpaka wakaafikiana kwamba majimbo yenye mafuta yapate kwanza angalau asilimia 2, kisha pato linalobaki la visima vya kusini ligawanywe nusu kwa nusu. Kifungu kimoja kama hicho kitakula mwaka wako mzima, na ni halali yake.

Ukienda nyanjani utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoidhinisha utafiti. Kichukue, ila ujue kinakulinda wewe, hakimlindi unayemhoji. Mama wa Garissa akikusimulia nani walikuja usiku kumchukua mwanawe, jina lake lisiingie daftarini. Mpe namba, na orodha ya namba na majina uifungie mbali na daftari. Atatokea mfadhili anayetaka majina "kwa uhakiki tu". Mnyime, hata kama ndiye anayelipa nauli yako. Wenzangu waliotoa wanajua kwa nini hawapokelewi tena kule.

Kiarabu cha madrasa usikiache. Kisomali nacho ukianze mapema, maana ukiingia na mkalimani, huyo mama wa Garissa atapima maneno kwa ajili ya watu wawili, na mmoja wao huenda ni jirani wa shemeji yake. Mwalimu nimekupatia Eastleigh, mtaanza Jumatatu ukishafika.

Mamako