Gia boksi inayosumbua leo, kesho ikatulia: nani kaamua, kompyuta au gia boksi?

Siku nne gari linatembea bila neno. Siku ya tano linakataa kuingia OD, yaani gia ya nne ya mwendo kasi, linazimwa, linawashwa, linarudi sawa. Likifikishwa gereji limetulia kabisa, na fundi hana cha kuona. Hapo ndipo maneno ya "gia boksi imekufa, tafuta nyingine" huanza, mara nyingi kabla hata kijiti cha mafuta hakijachomolewa.

Makala hii inahusu magari ya Toyota ya miaka ya 1990 yenye gia boksi ya otomatiki ya A340F au A343F inayoongozwa na kompyuta. Utazikuta kwenye Hilux Surf, 4Runner, Prado na baadhi ya Land Cruiser 80. Ni gia boksi ngumu kufa. Kinachochoka mapema zaidi ni waya, swichi na sensa zilizokaa chini ya gari, zikila tope na maji kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kabla ya kuleta gari, tunamwomba mteja atuandikie jambo moja tu: hitilafu inatokea wakati gani. Ikiwa ni kwenye mlima mkali, kisha gari likifika tambarare linashika tena, fikiria mafuta pungufu ya gia boksi, maana pampu inavuta hewa sampo, bakuli la mafuta chini ya gia boksi, inapoinama. Ikiwa ni baada ya dakika ishirini au thelathini za mwendo, na gari likipumzika linapona, chujio lililoziba au solenoidi (vali ya umeme inayobadilisha gia) inayokatika ikipata moto ndio washukiwa. Baada ya kuvuka maji, tazama plagi na swichi ya gia iliyo ubavuni mwa gia boksi. Kwenye barabara ya makorongo peke yake, ni waya unaotikisika. "Gia inateleza" pekee haitusaidii sana. "Inateleza nikipanda, injini ikiwa na moto, kwenye gia ya tatu" inatuokolea nusu siku.

Mafuta kwanza, na yapimwe inavyopaswa. Gari liwe limetembea hadi mafuta yafike nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, limesimama tambarare, injini inaunguruma. Pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P hadi L, urudi P, ndipo uchomoe kijiti na kusoma alama ya moto. Wengi hupima injini imezimwa, kisha wanaongeza au kupunguza mafuta kwa kipimo cha uongo. Yakizidi nayo ni shida: yanachapwa na kujaa povu, na povu halibani klachi.

Sasa taa ya O/D OFF. Ikiwaka na kuzima yenyewe ukiendesha, kompyuta imeona kosa na imelihifadhi. Fungua boneti, tafuta kisanduku cha uchunguzi, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Swichi ya OD iwe imewashwa, yaani taa imezimika. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha hesabu mimweko: minne, kimya kidogo, kisha miwili ni 42. Mimweko ya haraka isiyokoma maana yake hakuna kosa. 42 ni sensa ya mwendo namba 1, ile ya spidomita. 61 ni sensa namba 2 kwenye gia boksi. 62 na 63 ni solenoidi namba 1 na 2. 64 ni solenoidi ya lokapu, klachi inayofunga konveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi. Angalizo moja: hitilafu ya lokapu haiwashi taa ukiwa barabarani. Inakaa kimya kwenye kumbukumbu, na usipoiuliza hutaijua.

Solenoidi kila moja hupimwa kati ya waya wake na bodi. Ikiwa baridi itoe omu 11 hadi 15. Wengi huishia hapo, na ndipo hitilafu ya kupotea na kurudi inapowaponyoka. Pima tena gia boksi ikiwa na moto, tena upime kutoka kwenye plagi ya kompyuta ili waya wote uwe ndani ya kipimo, huku mwenzako akiutikisa waya kuanzia gia boksi hadi unapopita karibu na ekzosi. Iliyosoma 13 ikiwa baridi kusoma 16 ikiwa moto ni tabia ya shaba, usiogope. Ikiruka ghafla hadi kusiko na mwisho, umempata mwizi.

Kompyuta ikiwa haina kosa lolote na bado gia zinaleta vituko, tunatumia vipimo viwili tunavyoviamini kuliko vyote.

Cha kwanza ni kuchomoa plagi ya solenoidi na kuendesha gari kwa mkono. Bila umeme, gia boksi hizi hutoa gia ya kwanza kwenye L, ya tatu kwenye 2, na OD kwenye D. Anza L, ongeza mwendo, peleka 2, kisha D. Ikipita zote bila kuteleza wala kugonga, sehemu kubwa ya klachi na pampu ni nzima na tatizo liko upande wa umeme. Ikiteleza na plagi imechomolewa, hakuna sensa utakayobadilisha ikakuokoa. Gia ya pili haijaribiwi kwa njia hii, kwa hiyo usiihukumu. Ukimaliza, rudisha plagi na ufute kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI walau sekunde 10, la sivyo utasoma 62 na 63 ulizozileta mwenyewe.

Cha pili ni kwa gari lenye tundu la TT kwenye kisanduku cha uchunguzi. Unganisha mita ya volti kati ya TT na E1, pitisha waya hadi ndani, bandika mita kwenye dashibodi na uendeshe. Volti 0 ni gia ya kwanza, 2 ni ya pili, 4 ni ya tatu, 6 ni OD. 3, 5 na 7 ni gia hizo za pili, tatu na OD lokapu ikiwa imeshika. Hii ndiyo amri ya kompyuta, si kile gia boksi inachofanya. Gari likiachia nguvu huku mita imesimama kwenye 6, amri ilitolewa na haikutekelezwa: fuata waya, solenoidi, presha ya mafuta. Mita yenyewe ikianguka kutoka 6 hadi 4 barabara ikiwa tambarare, kompyuta ndiyo iliyoamua, na imedanganywa na kitu: sensa ya mwendo, sensa iliyolika ya kipepeo cha hewa (kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta), au swichi ya gia.

Swichi ya gia ina dalili zake. Stata inagoma hadi utikise mkono, taa za kurudi nyuma zinawaka zinapotaka, herufi za dashibodi zinapotea. Washa ufunguo bila injini, sogeza mkono polepole sana na utazame kila herufi. Ikifungulika, isafishe; ikilika ndani, ibadilishwe, na isipangwe kwa kukisia.

Kebo ya presha inayotoka kwenye kipepeo cha hewa huonekana ndogo lakini inatawala presha ndani. Kanyaga mafuta mwisho kabisa: nafasi kati ya kizuizi cha kebo na mwisho wa mpira wake iwe milimita 0 hadi 1. Ikilegea, gia zinaingia mapema na klachi zinateleza chini ya mzigo.

Waya wa hasi kati ya injini, gia boksi na bodi usisahaulike. Injini ikiunguruma na taa kubwa zikiwaka, pima kati ya hasi ya betri na chuma cha gia boksi. Zaidi ya volti 0.2, safisha au badilisha.

Sampo tunaishusha mwisho, si mwanzo. Unga wa chuma unaonata sumaku unatoka kwenye beringi, meno au sahani za klachi. Vipande vya rangi ya dhahabu visivyonata ni bushi zinazolika.

Mafuta yakiwa ya waridi yenye maziwa, usiendeshe hata hadi gereji. Maji yameingia, ama kupitia rejeta iliyotoboka ndani au kipumulio kilichozama mtoni, nayo hubandua vitambaa vya klachi. Livutwe. Usiliwashe hadi chanzo cha maji kijulikane na mafuta yote, pamoja na yaliyobaki ndani ya konveta, yatolewe.